Uzi Namba Sita

Uzi namba moja ulimgusa Warda mkono wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, na Warda hakusema kitu. Haikuwa ajabu, maana namba moja ni mwembamba kama unywele. Namba mbili, kimya. Namba tatu, kimya. Mama yake, Mwanamkuu, akamtazama usoni kuona kama anafanya mzaha, kwa sababu kwa mzaha Warda hakuwa na mshindani Baleni nzima. Lakini msichana alikuwa amefumba macho kweli, midomo ameibana, anasubiri.

"Mbona huanzi, mama?" aliuliza.

Mwanamkuu alikuwa amekwisha kufika namba tano.

Akachukua namba sita, ule mnene wa kuvulia samaki kolekole, akaubonyeza palepale mpaka ukapinda. Ulipoinuka uliacha kidoa kidogo kwenye ngozi. Warda akapiga miayo.

Ulikuwa mchezo tu. Warda alikuwa na miaka ishirini na alikuwa mwali, amewekwa ndani wiki ya tatu sasa, haoni jua wala mtu ila mama yake na shangazi yake aliyekuja kumsinga mwili kwa unga wa liwa kila siku alasiri. Alikuwa amechoka kuhesabu boriti za dari. Ndipo mama yake alipomtengenezea nyuzi sita za nailoni, kila mmoja ameugandisha kwenye njiti ya udi, ili amwonyeshe kazi anayoifanya huko anakoamkia kila siku. Fumba macho, sema nimekugusa wapi. Mkono wa kulia Warda alikuwa ameupatia wote, hata kwa namba moja, huku akicheka na kujikunja. Kisha wakageukia wa kushoto.

"Basi, tumemaliza," alisema Mwanamkuu, akazikusanya nyuzi zake. Pale chini ya kiwiko palikuwa na baka jeupejeupe, ukubwa wa kiganja cha mtoto, ambalo lilikuwapo muda mrefu na wote nyumbani waliliita choa.

Harusi ilikuwa imebaki siku kumi na tisa.

* * *

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, na watu walikuwa wameicheka mpaka wakachoka. Kando ya barabara iendayo Kilindoni mtafiti mmoja kutoka bara, jina lake Laurencia, alikuwa amepanga nyumba ya vyumba vitatu na kuijaza panya weupe wadogo. Alitaka kujua kama makazi ya mnyama na wenzake anaoishi nao vinabadili jinsi anavyohisi. Nusu ya panya waliishi sita sita, ndani ya masanduku makubwa yenye makumbi ya nazi ya kujitengenezea viota na vifuu vya kujifichia. Nusu nyingine kila mmoja aliishi peke yake, sanduku tupu, sakafu tupu, chakula na maji, basi. Kila asubuhi Mwanamkuu aliwapandisha mmoja mmoja juu ya kichanja cha wavu wa chuma, akawagusa nyayo kutoka chini kwa nyuzi, kuanzia namba moja, akaandika ni uzi gani uliomfanya panya ainue mguu.

"Mke wangu anafanya kazi kwa daktari," Hemedi aliwaambia wenzake, na hakuendelea zaidi. Hemedi alikuwa fundi mwashi, mtu wa maneno machache na kuta zilizonyooka. Kutekenya panya hakukumpa fahari yoyote.

Wale wa peke yao Mwanamkuu aliwaita watawa. Laurencia, aliyesomeshwa na masista, alicheka siku nzima aliposikia hivyo, na tangu siku hiyo naye akawaita hivyohivyo.

Kesho yake baada ya ule mchezo, Mwanamkuu aliingia kazini na swali moja tu.

"Dokta, hawa watawa. Mwezi wa kwanza walikuwa wanainua mguu kwa namba tatu, kama wenzao."

"Ndiyo."

"Sasa ni namba sita. Wengine hata sita hawaisikii."

"Umeona vizuri, Mama Warda." Laurencia alikuwa anasafisha miwani kwa pindo la koti. "Ndiyo tunachotafuta. Bado sijui, lakini inaelekea ukimweka kiumbe peke yake mahali patupu, kuhisi kwake kunafifia. Hakuna kinachomgusa, basi mwili unaacha kutarajia kuguswa."

"Na wakirudishwa kwa wenzao?"

"Wanne niliwarudisha, unakumbuka? Watatu wamerudi walivyokuwa. Wiki mbili hivi."

Mwanamkuu akaukamata mkia wa panya kwa ustadi, akampandisha kichanjani. Hakumtazama Dokta.

"Na mtu?"

"Mtu si panya, Mama Warda," alisema Laurencia, akacheka, akarudi kwenye kompyuta yake.

Hapo ndipo Mwanamkuu alipokosea, na sharti tumhurumie, kwa sababu alikosea kwa akili, tena kwa macho yake mwenyewe. Miezi minane alikuwa ameandika kwa mkono wake jinsi kiumbe aliyefungiwa anavyopoteza hisia. Nyumbani alikuwa na binti aliyefungiwa ambaye mkono wake haukusikia. Mtu angehitaji kuwa mpumbavu asijumlishe, na yeye hakuwa mpumbavu.

* * *

Siku iliyofuata wasichana watano wa jirani waliingia chumbani kwa Warda na vicheko vyao, na mikeka yao, na simu zao. Bi Mwanahalima alipofika alasiri na bakuli la liwa aliwakuta wamelala kifudifudi wanaangalia picha za magauni.

Bi Mwanahalima alikuwa dada mkubwa wa Hemedi, kwake kijiji cha Kanga, na alikuwa amewafunda na kuwasinga mabinti wengi kiasi cha kutowakumbuka. Hakuinua sauti. Alitoka uani, akaliweka bakuli chini, akamwita Mwanamkuu.

"Wifi, mwali haonwi."

"Ni wenzake tu, wifi."

"Mwali haonwi! Ndiyo maana akitoka watu hushtuka kwa uzuri. Wewe unataka atoke watu waseme, tulikuwa naye jana?"

"Anakaa peke yake mno. Mwili unakufa."

"Mwili wa nani unakufa?" Bi Mwanahalima alicheka sasa. "Mimi ndiye ninayeushika mwili ule kila siku. Mtoto mstahamilivu yule! Lile choa lake nalikwangua kwa kifuu, natia limau, natia manjano, wengine wangelia. Yeye hata 'aa' hasemi. Mume wake atakuwa na raha."

Mwanamkuu alisikia maneno yale na akayaweka upande wa hesabu yake. Unaona, hata limau hasikii. Upweke umemfika mbali.

Shauri lilipelekwa kwa Hemedi. Alikuwa ananawa saruji miguuni, na alisikiliza upande huu na upande ule mpaka maji yakamwishia kwenye kopo.

"Nyumba hii mwezi huu ina wanawake wawili, na wote wanajua kuliko mimi," alisema. "Wasichana waje mchana. Jioni waende kwao. Dada, nisamehe. Mama Warda, na wewe nisamehe."

Bi Mwanahalima akachukua bakuli lake akaingia kusinga, mbele ya wasichana watano waliokodoa macho. Ilikuwa aibu ambayo hajapata kuiona tangu azaliwe, na aliisema hivyohivyo, kwa sauti, huku anasugua.

Kila usiku kabla ya kulala mama na binti walicheza mchezo wao. Mwanamkuu alikuwa na daftari la shule. Siku ya kwanza: hapana. Siku ya pili: hapana. Siku ya tano Warda alikuwa amenawiri, anacheka peke yake, ameimbiwa nyimbo zote za kijiji, na pale chini ya kiwiko: hapana. Mwanamkuu akaruhusu wasichana wawili walale palepale, na Hemedi alipouliza akaambiwa wanasaidia kutwanga. Siku ya saba, hapana. Siku ya nane Warda mwenyewe alifumbua macho katikati.

"Mama, kwani nini? Mbona unapagusa hapohapo tu?"

"Mchezo tu, mwanangu."

"Mbona hucheki?"

Mwanamkuu akacheka. Wiki mbili, Dokta alisema. Panya watatu kati ya wanne. Bado siku sita zilikuwapo mpaka wiki mbili zitimie, na siku nne zaidi mpaka harusi, na katika mwezi ule hakutaka kitu kingine duniani ila Warda atoke ndani mzima.

* * *

Siku ya tisa wasichana walitaka kalimati. Bi Mwanahalima alikuwa hajafika, kwa hiyo mwali alitolewa mpaka jikoni uani, akaketishwa kwenye kigoda karibu na jiko la mkaa ili asimulie. Alikuwa anasimulia kisa cha mwalimu wao wa zamani aliyekalia wino. Alikisimulia kwa mikono, kwa macho, kwa mabega. Mwanamkuu alikuwa anasuka ukindu ukumbini, anasikia vicheko, anafikiri: huyu si mtawa tena, leo usiku atasikia.

Ikatoka harufu.

"Nani kachoma nyama?" aliuliza msichana mmoja.

Hapakuwa na nyama katika nyumba ile. Palikuwa na unga wa ngano, sukari, iliki na karai la mafuta yanayochemka.

Ndipo mayowe yalipotoka, matano kwa pamoja, na Mwanamkuu alikimbia na ukindu mkononi. Aliona wasichana wamerudi nyuma hadi ukutani, viganja vinywani. Aliona Warda ameketi palepale, ameegemea mbele, mkono wa kushoto ameupumzisha kwenye ukingo wa karai kama mtu anayeegemea meza. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka chini ya mkono ule. Na Warda alikuwa bado anatabasamu, anageuza kichwa huku na huku, anatafuta nani anayepiga kelele na kwa nini.

"Kuna nini?" aliuliza. "Nyoka?"

Mwanamkuu alimvuta. Ngozi ilibaki kidogo kwenye chuma.

Warda akautazama mkono wake. Akautazama muda mrefu, akaugeuza, akaunusa. Kisha akapiga kelele moja ambayo majirani waliisikia, na haikuwa kelele ya maumivu.

* * *

Mwanamkuu alimpeleka kwa daktari aliyemjua. Bodaboda iliwashusha mbele ya nyumba ya panya, Warda kavikwa buibui kuanzia kichwani, mkono umefungwa kanga iliyolowa maji, na Laurencia akatoka na glavu zake mkononi.

"Dokta, mwangalie. Nimemrudisha kwa wenzake siku tisa, hajarudi."

"Mama Warda, mimi ni daktari wa wanyama, tena wa vitabu, unajua hivyo—"

Akafungua kanga. Alitazama kidonda, kisha akatazama ngozi iliyokizunguka, lile baka jeupe ambalo moto ulikuwa umechukua nusu yake. Akakipapasa kiwiko kwa vidole viwili kama anayetafuta kitu ndani, na pale alipokipata uso wake ukabadilika kabisa.

"Doa hili lina muda gani?"

"Ni choa tu. Miaka miwili."

"Miwili! Kabla ya kuwekwa ndani?"

"Kabla, ndiyo."

Laurencia alivua koti. Akaita bodaboda ya pili, na wote watatu wakaenda zahanati.

Mganga wa zahanati, Isdory, alikuwa kijana mwenye sauti ya taratibu. Alikisafisha kidonda, akakifunga, kisha akachana kipande cha pamba na kukisokota ncha.

"Fumba macho, dada. Nikikugusa onyesha kwa kidole."

"Hata mama huwa ananichezea hivi," alisema Warda.

Isdory akasita na pamba hewani. "Tangu lini?"

Mwanamkuu alitamani sakafu ipasuke. "Siku kumi."

"Ulijua siku kumi kwamba hasikii?"

"Nilidhani ni upweke," alisema Mwanamkuu. Ndani ya kichwa chake lilikuwa wazo lenye akili. Lilipotoka pale chumbani, mbele ya mizani na bango la chanjo, lilikuwa la kichaa, na Laurencia aliinamisha kichwa kwa sababu alijua lilikotoka.

Isdory alimaliza kwa pamba, akapapasa mshipa wa fahamu uliovimba kwenye kiwiko cha kushoto, kisha kiwiko cha kulia, akatazama mgongo na masikio. Alikuta baka la pili bega la kushoto, dogo, ambalo hakuna aliyelijua. Akaketi.

"Ni ukoma," alisema.

Neno lile Mwanamkuu alikuwa amelisikia maisha yake yote katika matusi na katika dua. Hakupata kulisikia likiwa limetajwa kwa utaratibu namna ile, na kijana aliyeshika kalamu. Warda alisema, "Nini?" Hakuna aliyerudia.

"Sikilizeni," alisema Isdory. "Ugonjwa huu unatibika. Dawa ni bure, miezi sita, usikose hata siku moja. Dozi ya kwanza utameza hapahapa mbele yangu, na ukishaanza dawa humwambukizi mtu. Hakuna kumtenga, mama. Sahani ileile, mkeka uleule. Nyumba nzima nitawapima, nitakuja mwenyewe. Pale palipokufa ganzi huenda pasirudi, sitaki kukudanganya, basi ajilinde na moto. Lakini mtu mwenyewe anapona."

"Harusi yake Ijumaa ya wiki ijayo," alisema Mwanamkuu.

"Kwa upande wangu na aolewe," alisema Isdory.

Warda alimeza vidonge. Nje, kwenye benchi, walimsubiri Laurencia aandike namba ya simu. Warda alimnyooshea mama yake mkono wa kulia. Mwanamkuu alikuwa ameishika pakiti ya dawa kwa mikono miwili.

* * *

Hemedi aliambiwa magharibi. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Alhamdulillahi kwa kila hali," akatoka nje, akakaa juu ya rundo la mawe ya ujenzi. Bi Mwanahalima aliambiwa kesho yake. Alivitazama viganja vyake, upande huu na upande ule, viganja vilivyomsinga yule mtoto siku ishirini na nane. Akaomba majivu na limau. Alinawa mpaka viwiko, akasugua kwa nguvu ileile aliyomsugulia Warda, na wakati wote huo alikuwa analia, tena kwa kwikwi, kwa sababu alimpenda. Kisha akafunga mzigo wake akarudi Kanga, na bakuli la liwa akaliacha.

"Kwa kina Ukasha nitasema mwenyewe," alisema Warda, akimtaja mchumba wake.

"Utasema nini, mwanangu? Isdory kasema unapona. Ya nini kuwaambia?"

"Nitawaambia ninapona."

Zuena, mama yake Ukasha, alikuja na wanawake wawili. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, njema. Mwanamkuu alileta sharubati ya ukwaju kwenye bilauri za kioo alizozinunua kwa ajili ya harusi. Warda akaketi mbele yao bila kujifunika mkono, akalisema lile neno kwa mdomo wake, akasema dawa ni miezi sita, akasema haambukizi. Sauti haikumtetemeka hata kidogo, na mama yake alimwonea fahari na kumwonea hofu.

Zuena alisikiliza vizuri. Hakuwa mwanamke mbaya. "Mungu akuponye, mama," alisema. "Tungoje dawa iishe. Haraka ya nini? Ukasha mwenyewe bado kijana." Wale wawili waliitikia. Kisha wakaaga, na kila mmoja alijihadhari asiguse nguzo ya mlango alipovaa viatu. Bilauri tatu zilibaki mkekani zimejaa mpaka juu. Warda alizichukua moja moja akaenda kuzimwaga uani, na hakulia.

Saruji ya kupigia sakafu ya ukumbi kwa ajili ya harusi ilikuwa imekwisha kununuliwa. Asubuhi iliyofuata Hemedi aliikata mifuko.

Mwanamkuu alikwenda kazini siku zote hizo. Laurencia alimwambia apumzike, naye akakataa. Aliwapandisha panya kichanjani, akawagusa, akaandika. Aliporudi jioni aliona kuta zinapanda uani, nyuma ya jiko, akadhani mumewe anajenga stoo ili mikono isikae bure. Wanaume wana njia zao za kulia. Hakumuuliza, na Hemedi hakuwa mtu wa kueleza asichoulizwa. Majirani waliopita waliisifu kazi: pembe zilinyooka, plasta laini kama kioo, dirisha moja lenye wavu mpya wa chuma ili upepo upite na mbu wasiingie. Siku ya nne akaezeka. Siku ya tano akapiga sakafu, na siku ya sita ilikuwa imekauka.

Siku hiyo ya sita Mwanamkuu alirudi mapema. Chumbani kwa Warda hapakuwa na mkeka, wala sanduku la nguo, wala kioo.

Alitoka uani. Hemedi alikuwa ameinama anapiga randa mlango mpya wa mninga juu ya mawe mawili. Nyuma yake kile chumba kilikuwa wazi, hatua tatu kwa tatu, sakafu tupu inayong'aa, na ndani yake Warda ameketi juu ya mkeka, na pembeni sahani moja, kikombe kimoja, ndoo moja ya maji.

Mwanamkuu aliona kitu alichokuwa amekitazama kila siku kwa miezi minane. Akashika ukuta, na ukuta ulikuwa bado na ubaridi wa saruji mbichi.

"Baba Warda," alisema. "Umejenga kizimba."

"Chumba," alisema Hemedi. "Kina dirisha. Kina sakafu nzuri kuliko yetu. Nimekosa nini?"

"Isdory kasema asitengwe! Kasema mkeka uleule!"

"Kasema. Na watu wanasema. Asubuhi mtu kaniuliza kama bado nanywa maji ya mtungi mmoja na mwanangu." Alikuwa ameishika randa kwa mikono yote miwili na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, hakuyafuta. "Mimi najua kujenga tu, Mama Warda. Sijui kitu kingine cha kumfanyia."

Mwanamkuu aliingia ndani kwa hasira. "Warda, inuka. Chukua mkeka wako. Hulali humu, haki ya Mungu hulali humu. Viumbe hawawekwi hivi, mimi najua, mimi ndiye ninayejua!"

Warda hakuinuka.

"Baba kanijengea," alisema. "Siku sita hajapumzika. Wewe umenifanyia nini, mama?"

"Mimi?"

"Mara ya mwisho kunigusa lini?"

"Maneno gani hayo?"

"Pale jikoni, uliponivuta kwenye karai. Tangu tuondoke kwa Isdory hujanigusa. Leo siku ya saba. Nimehesabu, wewe ndiye uliyenifundisha kuhesabu." Hakuwa anapiga kelele. "Pale benchi nilikupa mkono. Chai unaiweka juu ya kigoda, unarudi nyuma, ndiyo unaniita. Dawa unaniwekea kwenye kijiko. Kitambaa cha kidonda unanirushia. Baba anaogopa watu, mama. Wewe unaniogopa mimi."

Mwanamkuu alifungua mdomo aseme si kweli. Akatafuta siku moja, mara moja, bega, kichwa, ncha ya kidole, aitoe ushahidi. Alikumbuka panya wote aliowashika wiki ile, kwa namba zao, na joto la kila mmoja kiganjani. Joto la Warda hakulikumbuka. Siku saba zilikuwa tupu, na alikuwa hajui, wallahi alikuwa hajui. Alikuwa ameamka kila siku akiamini kwamba katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyebaki upande wa mtoto.

Alipiga magoti juu ya ile sakafu mpya. Akanyoosha mkono. Nusu ya njia mkono ukasimama wenyewe, na aliuona ukisimama, na Warda naye aliuona. Hakuna tusi katika maisha yake lililomshtua kama kuuona mkono wake mwenyewe umesimama hewani. Akausukuma. Ukafika. Akavishika vidole vya mwanawe, vya mkono wa kushoto, chini ya bandeji, pale ambapo hisia zilikuwapo bado.

Warda aliruka kidogo, kama mtu aliyeguswa usingizini.

"Unatetemeka," alisema.

"Natetemeka."

"Unataka kuutoa."

"Nataka," alisema Mwanamkuu, akalia. "Nataka kuutoa, mwanangu, nisikudanganye. Lakini siutoi."

Warda hakumkumbatia wala hakumsamehe, na vidole vyake pia havikutoka. Hemedi alisimama kizingitini na mlango begani, akingoja watoke ili aupachike. Akangoja, akauhamishia bega la pili, akangoja tena. Hawakutoka.